Nasaba, Malezi na Kalamu: Maisha ya Shaaban Robert kwa Msomaji wa Masasi na Newala

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi maisha na malezi ya Shaaban Robert (1909–1962) yalivyoziathiri kazi zake. Yanaanzia Masasi na Newala, ambako asili ya Kiyao ya mshairi huyu huwafanya baadhi ya wasomaji wamdai kuwa ni wao. Hoja inayotetewa ni kwamba nasaba hiyo haidhihiriki katika kazi zake kwa msamiati wala kwa mila. Kama imeacha athari yoyote, athari hiyo imo katika mahali mshairi aliposimama: alikuwa mwana wa pwani asiyekuwa na ukoo wa kujivunia pwani, akalazimika kuijenga heshima yake juu ya elimu, kazi na lugha. Msimamo huo unafuatiliwa katika malezi yake ya Tanga, utumishi wake serikalini, tenzi alizowatungia watoto wake, wasifu alioandika wa Siti binti Saad, na umbo la baadhi ya majina aliyoyabuni. Mwishoni makala yanapendekeza tahadhari katika kuitumia historia ya mtunzi kama nyenzo ya uhakiki.

1.0 Utangulizi

Masasi imo katika tambarare yenye majabali, magharibi ya uwanda wa juu wa Wamakonde. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda huo, ikilitazama bonde la Ruvuma. Katika wilaya hizi Kiyao, Kimakonde na Kimakua hukutana sokoni, misikitini, makanisani na madarasani, na Kiswahili huwa ndiyo lugha inayowapatanisha wasemaji wake. Mwandishi wa makala haya alisoma shule ya msingi Newala, na huko ndiko alikolisikia jina la Shaaban Robert kwa mara ya kwanza. Alilisikia kwa namna mbili. Darasani liliambatana na vitabu vya Kusadikika na Adili na Nduguze. Nje ya darasa lilitajwa na wazee wa Kiyao kwa fahari ya watu wanaomtaja ndugu aliyekwenda mbali akafanikiwa.

Fahari hiyo haikosi msingi. Walioandika juu ya maisha ya mshairi huyu wanakubaliana kwa jumla kwamba wazazi wake walikuwa na asili ya Kiyao. Wanakubaliana pia kwamba yeye mwenyewe alijitambulisha kuwa Mswahili. Mambo haya mawili yakiwekwa pamoja huzaa swali ambalo uhakiki wetu haujalipa uzito unaostahili: nasaba ya mshairi inatueleza nini kuhusu kazi yake, na malezi yake yanatueleza nini?

Swali hili si la nadharia tupu. Mwalimu anayewaambia wanafunzi wa Masasi kwamba Shaaban Robert aliandika vizuri kwa kuwa ni Myao anawapa Wayao fahari ya bure, na papo hapo anamnyima mtoto wa Kimakonde au wa Kimakua aliyekaa dawati la pili. Kwa upande mwingine, wapo waliozoea kuamini kwamba ushairi wa Kiswahili ni mali ya koo za pwani, na kwamba mtu wa bara huuazima tu. Mwandishi anakiri kwamba katika miaka yake ya mwanzo ya kufundisha aliwahi kuishikilia dhana ya kwanza, na aliishikilia ili kuijibu ya pili. Makala haya ni jaribio la kuzipima zote mbili kwa maisha yenyewe ya mtunzi.

2.0 Njia ya Kiswahili hadi Masasi na Newala

Kabla ya kumwendea mshairi, inafaa kueleza kwa ufupi jinsi lugha aliyoiandika ilivyowafikia wasomaji wanaohusika hapa. Katika karne ya 19 njia za misafara ziliunganisha nchi za Wayao, kuanzia upande wa Ziwa Nyasa, na bandari za Kilwa na Lindi. Katika njia hizo walipita wafanyabiashara wa Kiyao, wapagazi na mateka. Kiswahili kilipita pamoja nao kama lugha ya biashara.

Njia ya pili ilikuwa ya misheni. Mwaka 1870 Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu alichapisha mwongozo wa Kiswahili kama kilivyosemwa Unguja. Miaka sita baadaye, mwaka 1876, akiwa askofu, alilifikisha Masasi kundi la watumwa waliokombolewa waliokuwa wakiishi Unguja, na hapo kikaanzishwa kijiji cha Kikristo. Kijiji hicho kilivamiwa mwaka 1882 na Wangoni waliojulikana huko kwa jina la Magwangwara, na sehemu ya kazi ya misheni ikahamia Newala kwa Matola, mtawala wa Kiyao. Katika Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 misheni ya Masasi iliteketezwa. Pamoja na misukosuko hiyo, Kiswahili cha Unguja kilikuwa kimekwisha kupata makao ya kudumu katika ibada na shule za eneo hili.

Ipo tofauti moja ya kuzingatiwa. Kiswahili kilichofika Masasi hakikuja na ushairi wa pwani. Kilikuja na sala, hesabu, barua na amri. Utungaji wa watu wa huko uliendelea kuwa katika lugha zao, kwa nyimbo za jando na unyago, za kazi na za ngoma. Mjerumani Karl Weule, aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, alizinasa baadhi ya nyimbo hizo kwa santuri za nta. Nyimbo za namna hiyo hazifungwi na vina wala mizani kama linavyofungwa shairi la pwani. Mwendo wake hutegemea ngoma, kiitikio na toni. Kwa hiyo mtoto wa Newala aliyekutana na shairi la Shaaban Robert kitabuni alikuwa anakutana na sanaa ngeni katika lugha aliyojifunza shuleni. Hata hivyo aliielewa. Sababu za kuielewa kwake zimo katika maisha ya mtunzi.

3.0 Vibambani na Tanga: Mazingira ya Malezi

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Machui, kusini ya mji wa Tanga. Nchi ilikuwa chini ya Wajerumani. Tanga ya wakati huo ilikuwa tofauti na Lamu au Mombasa, miji iliyokuwa na historia ndefu ya washairi wa kikoo na hati za Kiarabu. Ilikuwa bandari yenye reli ya Usambara, mashamba ya mkonge katika nchi ya nyuma yake, na watu waliofuata kazi kutoka kila upande. Serikali ya Kijerumani ilikuwa imeanzisha shule mjini Tanga tangu mwanzoni mwa miaka ya 1890, na kuanzia 1904 gazeti la Kiongozi lilichapishwa hapo kwa Kiswahili cha hati za Kirumi. Kwa maneno mengine, mshairi huyu alizaliwa jirani na moja ya sehemu za mwanzo kabisa ambako Mwafrika wa Tanganyika aliweza kuandika Kiswahili kwa herufi hizo akasomwa na watu asiowajua.

Utoto wake uliingiliwa na vita. Novemba 1914, alipokuwa na umri wa miaka mitano, majeshi ya Waingereza yalishuka Tanga na kushindwa. Mwaka 1916 yalirudi na kuuteka mji. Katika maisha ya mtoto mmoja bendera ilibadilika, maafisa wakabadilika, na lugha ya juu ya serikali ikabadilika kutoka Kijerumani kuwa Kiingereza. Kiswahili hakikubadilika. Si ajabu kwamba mtu aliyekulia katika mageuzi hayo alikuja kuiona lugha hii kuwa kitu imara kuliko dola.

Kuanzia mwaka 1922 hadi 1926 alisoma Dar es Salaam. Miaka hiyo ina uzito wake katika historia ya lugha. Mwaka 1925 ulifanyika mkutano wa Dar es Salaam uliozungumzia elimu na lugha ya kufundishia. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Na mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Shaaban Robert alikuwa kijana wakati sanifu yenyewe ilipokuwa ikizaliwa. Pwani ya kusini ya Tanga inahusishwa na lahaja ya Kimtang'ata, na ushairi mashuhuri wa zamani ulikuwa umetungwa zaidi kwa Kiamu na Kimvita. Mshairi angeweza kuelekea huku au kule. Alichagua lugha ya darasani, lugha isiyokuwa na wenyewe kwa kuzaliwa, na akaifanyia kazi ambayo watungaji wake katika kamati hawakuweza kuifanya: aliipa uzuri.

4.0 Karani na Mshairi

Mwaka 1926 aliajiriwa kuwa karani katika Idara ya Forodha, na akaitumikia hadi 1944. Kisha alihamia kwa miaka miwili katika idara iliyohusika na wanyama, kazi iliyompeleka bara hadi Mpwapwa. Kuanzia 1946 hadi 1952 alikuwa katika ofisi ya wilaya Tanga, na baada ya hapo katika ofisi ya upimaji hadi alipostaafu mwaka 1960. Jumla ni zaidi ya miaka 30 ya kalamu ya serikali mchana na kalamu yake mwenyewe usiku.

Uhakiki wetu umezoea kuutaja utumishi huu kama maelezo ya pembeni, kana kwamba mshairi alikuwa mshairi licha ya ukarani. Makala haya yanashikilia kwamba ukarani uliingia ndani ya umbo la kazi zake. Tuchukue mfano wa Kusadikika, riwaya iliyochapishwa mwaka 1951. Habari zake ni za nchi inayoelea angani ambako kijana Karama ameshitakiwa na Waziri Mkuu Majivuno kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria. Utetezi wa Karama ni masimulizi ya wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali kutafuta mambo ya manufaa, wakarudi na taarifa, na kila mmoja akalipwa mateso. Mwenye kuitazama hadithi hii kwa jicho la mtu aliyekaa ofisini ataiona mara moja taratibu anayoijua: mashitaka husomwa, taarifa huwasilishwa, mkubwa huipokea bila kuisoma vizuri, na aliyesema kweli huadhibiwa. Mtunzi hakuhitaji kusafiri mbali kuipata Kusadikika.

Hali hiyo hiyo ya utumishi inaeleza kwa nini aliandika kwa mafumbo. Mtumishi wa serikali ya kikoloni hakuwa na uhuru wa kuikosoa serikali iliyompa mshahara. Katika sehemu ya pili ya maisha yake aliyoyaandika mwenyewe, ile inayohusu miaka ya baadaye, anasimulia madhila ya ubaguzi wa rangi aliyoyapata yeye na jamaa zake, yakiwamo ya safarini. Kinachomgusa msomaji ni utulivu wa masimulizi yale. Hasira imefungwa ndani ya sentensi zilizopangwa vizuri, kama barua ya mtu anayejua kwamba itasomwa na mkubwa wake. Kufikirika, aliyoiandika katika miaka ya 1940, haikutoka hadi 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Humo pia ipo nchi ya kubuni, mfalme asiye na mrithi, na ushauri wa kutoa kafara mtu mwenye hekima pamoja na mjinga. Fumbo lilikuwa pambo la sanaa, na lilikuwa pia ngao.

Utenzi wa Vita vya Uhuru nao unashuhudia makutano ya karani na mshairi. Desturi ya tenzi ndefu za pwani, mfano Utenzi wa Tambuka wa mwaka 1728, ilikuwa kusimulia vita vya mwanzo vya Uislamu. Shaaban Robert alilichukua umbo hilo la kale akalitia habari za Vita Kuu ya Pili, vita vilivyomfikia kwa njia ya magazeti na habari za siku. Aliziweka habari hizo katika maelfu ya beti, kwa subira ya mtu aliyezoea kuandika daftari safu kwa safu. Hata neno uhuru katika jina la utenzi huo linafanya kazi mbili: linavitaja vita vya Ulaya, na linamwacha msomaji wa koloni ajiulize uhuru wa nani.

5.0 Baba na Wosia

Sehemu ya kwanza ya maisha yake aliyoyaandika haisimami sana katika habari za ukoo. Uzito wake uko katika elimu, ndoa, kazi, watoto na wajibu. Mkewe wa kwanza, Amina, alifariki angali kijana, na maombolezo aliyomtungia ni miongoni mwa mashairi yake yanayojulikana zaidi. Hapa ndipo uhakiki wa kimaisha unapopata mtihani wake. Ni rahisi kulisoma shairi lile kama chozi tu. Lakini chozi halihesabu mizani. Shairi lile limefuata kanuni zote za vina na mizani, na nguvu yake inatokana na mvutano baina ya huzuni isiyo na mpaka na umbo lenye mpaka. Maisha yalimpa mshairi msiba. Shairi alilitunga kwa ufundi aliojifunza.

Kwa bintiye Mwanjaa alitunga Utenzi wa Hati, na kwa mwanawe Hussein akatunga Utenzi wa Adili. Tenzi hizi haziwezi kutajwa bila kumkumbuka Mwana Kupona wa Pate, aliyemwachia bintiye utenzi wa wosia mnamo mwaka 1858. Mwana Kupona alikuwa mke wa mtawala wa Siu. Aliandika kwa lahaja ya kaskazini na kwa hati za Kiarabu, na mafunzo yake yalihusu mwenendo wa mwanamke wa nyumba kubwa. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha. Aliandika kwa Kiswahili Sanifu na kwa hati za Kirumi, na hakuwa na nyumba kubwa ya kuirithisha. Aliichukua desturi ya watu wenye nasaba akaitumia kuwausia watoto ambao urithi wao ulikuwa adabu, elimu na bidii. Tena hakumhusia binti peke yake. Kijana wa kiume naye alipewa utenzi wake.

Huu ni ushahidi wa kwanza mzito wa hoja yetu. Mtu aliyezaliwa ndani ya ukoo mashuhuri wa washairi hurithi umbo la utenzi pamoja na heshima ya wazee wake. Shaaban Robert alilirithi umbo peke yake. Heshima ilibidi aitengeneze, na aliitengeneza kwa kulihamisha jambo zima kutoka kwenye damu hadi kwenye mwenendo.

6.0 Siti binti Saad: Kioo cha Mwandishi

Ushahidi wa pili unapatikana katika Wasifu wa Siti binti Saad, uliochapishwa mwaka 1958. Mwandishi alionana na mwimbaji huyo huko Unguja mwaka 1950, muda mfupi kabla Siti hajafariki mwezi Julai mwaka huohuo. Siti alizaliwa Fumba, shamba, katika umaskini. Jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa. Baba yake alikuwa na asili ya Kinyamwezi na mama yake Mzigua. Hakuwa na mali, hakuwa na ukoo wa kutajwa mbele ya wakubwa, na hata sura yake ilifanyiwa dhihaka. Alikuwa na sauti, na kwa sauti hiyo aliimba katika majumba ya wakubwa, akaingiza taarabu ya Kiswahili katika santuri, na akajulikana kote pwani.

Zipo sababu nyingi zinazoweza kumfanya mwandishi aandike wasifu wa mwimbaji mashuhuri. Lakini mtu akizingatia kwamba pwani ilijaa masheikh, watawala na washairi wenye nasaba, uteuzi huu haukosi maana. Shaaban Robert, mwana wa wazazi wa asili ya Kiyao aliyezaliwa Tanga, aliandika maisha ya mwanamke wa asili ya Kinyamwezi na Kizigua aliyezaliwa Unguja. Wote wawili asili yao ni ya bara, wote walizaliwa pwani, na wote walifika juu kwa kuimudu sanaa ambayo wengine waliidhania kuwa urithi wao. Wasifu ule unarudia mara kwa mara fikra kwamba thamani ya mtu ni kazi yake. Mtu anaweza kuusoma kama maisha ya Siti. Anaweza pia kuusoma kama maisha ya mwandishi ambayo hakutaka kuyaandika waziwazi.

Katika pwani ya wakati ule, kumtaja mtu kwa kabila lake la bara kuliweza kuwa njia ya kumkumbusha utumwa, upagazi au kile kilichoitwa ushenzi. Katika mazingira hayo kujiita Mswahili hakukuwa kuikana asili. Kulikuwa kudai haki ya kuhukumiwa kwa jambo ambalo mtu amelifanya.

7.0 Kiko Wapi Kiyao?

Kama mwanaisimu, mwandishi wa makala haya alianza uchunguzi wake kwa kukitafuta Kiyao ndani ya maandishi yenyewe. Katika uainishaji wa Guthrie, Kiyao na Kimakonde vimo katika kundi moja la P20, na vyote viwili ni lugha za toni. Kiswahili hakina toni. Kina mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Athari ya lugha moja juu ya nyingine huweza kutafutwa katika msamiati, sintaksia, methali na mandhari ya mila. Katika kazi za Shaaban Robert hakuna msamiati unaohitaji Kiyao ili uelezwe, wala mandhari ya jando ya Kiyao, wala methali ambayo chimbuko lake lazima liwe Uyaoni.

Tahadhari moja inahitajika hapa. Jina Utubora, la mhusika mkuu wa Utubora Mkulima, limejengwa kwa neno utu. Msomaji wa Masasi huweza kuusikia ndani yake mwangwi wa neno lake mwenyewe, kwani Kiyao husema mundu kwa mtu, na Kimakonde husema munu. Mwangwi huo ni wa kweli, lakini hauthibitishi athari ya Kiyao. Ni urithi wa pamoja wa lugha za Kibantu, na Mmakonde anao sawa na Myao. Kuuhesabu kuwa ushahidi wa nasaba ni kosa la kuchanganya udugu wa lugha na safari ya mtu mmoja.

Majina mengine aliyoyabuni yanatufundisha jambo kubwa zaidi. Kusadikika na Kufikirika ni vitenzi-jina. Mashina yake, sadiki na fikiri, yamekuja kutoka Kiarabu. Mnyambuliko -ik- ulioongezwa juu yake ni wa Kibantu, nao huleta maana ya jambo kuwezekana kutendeka: nchi inayoweza kusadikiwa, nchi inayoweza kufikiriwa. Hakuna msemaji wa Kiswahili anayeyasikia maneno haya kuwa ya kigeni. Shina limepokewa, likavikwa viambishi vya nyumbani, likafanya kazi ya nyumbani, na suala la lilikotoka limebaki kuwa la wanaisimu. Hatudai kwamba mtunzi aliyachagua majina haya ili kujieleza yeye mwenyewe. Tunachosema ni kwamba lugha aliyoipenda ilikuwa imekwisha kuonyesha jinsi mgeni anavyogeuka mwenyeji: kwa kunyambuliwa na kutumika. Yeye naye, katika shairi lake mashuhuri la kukisifu Kiswahili, aliilinganisha lugha ya mtu na maziwa ya mama. Alikidai Kiswahili kwa kukinyonya, na unyonyaji huo ni suala la malezi.

Sasa tunaweza kurudi kwa mtoto wa Newala. Alielewa shairi la Shaaban Robert kwa sababu liliandikwa na mtu aliyeikimbia lahaja ya ukoo akaichagua lugha ya wote. Kiunguja alichokipeleka Steere Masasi mwaka 1876 ndicho kilichokuwa msingi wa sanifu. Sanifu ndiyo aliyoiandika mshairi. Na sanifu ndiyo iliyomkuta mtoto darasani. Kama kuna ndugu baina ya Shaaban Robert na Newala, undugu huo umepita katika njia hii, na ni wa Wamakonde na Wamakua sawasawa na Wayao.

8.0 Hitimisho

Shaaban Robert alifariki Tanga mwezi Juni 1962, nusu mwaka tu baada ya Tanganyika kupata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Alizikwa katika nchi aliyozaliwa, karibu na mji uliokuwa shule, ofisi na makao yake. Vitabu vyake kadhaa vilichapishwa baada ya hapo, na nchi huru ikavitia katika mitaala yake. Hivyo ndivyo vilivyopanda uwanda wa Wamakonde.

Makala haya yamejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, malezi ya Tanga na Dar es Salaam, katika miaka ya kuzaliwa kwa Kiswahili Sanifu, yanaeleza uteuzi wa lugha wa mshairi huyu. Pili, utumishi wa miaka mingi katika ofisi za kikoloni unaeleza mafumbo yake na umbo la mashitaka, taarifa na utetezi katika hadithi zake. Tatu, asili yake ya Kiyao haionekani katika lugha wala mila, lakini inasaidia kueleza kwa nini aliipinga heshima ya damu kwa uthabiti ule, katika tenzi za watoto wake na katika wasifu wa Siti.

Kwa wanafunzi wa uzamili wanaotaka kutumia historia ya mtunzi katika uhakiki, pendekezo ni hili: habari ya maisha isitumike kueleza kazi mpaka ionyeshwe ni kipengele gani cha kazi ambacho kingebaki bila maelezo kama habari hiyo isingekuwapo. Kwa kipimo hicho ukarani wa Shaaban Robert unapita, ubaba wake unapita, na damu yake peke yake haipiti.

Kwa walimu wa Masasi na Newala, mwandishi angependa kuirekebisha kauli aliyowahi kuitoa yeye mwenyewe. Shaaban Robert anaweza kuitwa wetu, na mwanafunzi wa Kiyao asinyimwe furaha ya kujua asili ya wazazi wa mshairi. Lakini anaposomwa darasani, na aitwe wetu kwa sababu ambayo yeye mwenyewe angeikubali: kwamba alijifunza lugha, akaifanyia kazi, na kazi hiyo ikaonekana. Mtoto yeyote wa uwanda ule, awe amezaliwa katika Kiyao, Kimakonde au Kimakua, anaweza kuanzia alipoanzia yeye.